Mchapakazi Asiyehitaji Kusimamiwa

Dar es Salaam nzima ina CV moja. Hilo nililijua siku bosi aliponitupia mezani rundo la maombi ya kazi ya mtunza stoo, akasema nichambue, nibakize watano. Ofisi yetu ni ndogo, haina ofisa rasilimali watu. Kwetu rasilimali watu ni yeyote atakayekutwa anakunywa chai saa nne asubuhi. Nikavuta kiti, nikaanza kusoma.

Mwombaji wa kwanza alikuwa mchapakazi, mwaminifu, anayejituma, awezaye kufanya kazi katika mazingira magumu bila kusimamiwa. Nikafurahi, nikajua kazi imekwisha mapema. Wa pili naye alikuwa mchapakazi, mwaminifu, anayejituma, na hata koma zilikaa palepale. Wa tatu alikuwa na sifa zote hizo, na juu yake akapenda kusoma vitabu, kusafiri na kupata marafiki wapya. Wa nne naye msafiri. Nilipofika katikati ya rundo nikaanza kujiuliza: kama vijana wote wa mji huu hawahitaji kusimamiwa, huyu anayelala juu ya magunia stoo kwetu kila mchana tulimtoa wapi?

Chanzo cha yote ni stesheneri. Ingia yoyote iliyo karibu na chuo. Utamkuta kijana mmoja, kompyuta moja, mashine ya fotokopi yenye homa, pazia la bluu la kupigia picha za pasipoti, na ndoo ya maandazi ya mama mwenye fremu. Kwenye kompyuta kuna faili linaitwa CV MPYA YA MWISHO KABISA 2. Unatoa hela, kijana anafuta jina la aliyekutangulia, anaweka lako, anabadilisha namba ya simu na mwaka wa kuzaliwa, umekuwa mchapakazi. Akiwa na foleni, hafuti vyote. Kwenye rundo langu kulikuwa na bwana mwenye ndevu za kutosha pichani, ambaye chini kabisa, pale mtu anapothibitisha kuwa yote aliyoyaandika ni kweli tupu, alithibitisha kwa jina la binti wa watu wa Korogwe.

Siwacheki sana, maana najua umati wanaopambana nao. Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 waliitwa kwenye usaili wa Idara ya Uhamiaji pale Uwanja wa Taifa, wakakaa majukwaani wamevaa suti na tai, na hapakuwa na Simba wala Yanga. Nafasi zilikuwa 70. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, maombi yalipita 135,000. Ukiwa mmoja wa watu hao, kila mwenye mdomo anakushauri jambo moja: jitofautishe. Ushauri mzuri, tatizo wote 135,000 wamepewa.

Basi watu wanajitofautisha. Kuna aliyechapa barua yake kwenye karatasi ya kadi ya harusi, yenye kingo za dhahabu na njiwa wawili. Nikaitafuta namba ya kutuma mchango, sikuiona. Kuna aliyebandika picha aliyopigwa ufukweni, miwani ya jua usoni, madafu mkononi, anaomba kazi ya kuhesabu magunia. Anwani za barua pepe ndiyo usiseme: mtu mzima mwenye shahada anataka umwandikie kwa jina la mtoto mzuri wa mama.

Na usimpigie simu kama moyo wako mdogo. Vijana wetu wamejiunga na ile huduma ya kumchezea mpigaji wimbo wakati anasubiri. Mmoja aliweka taarabu ya mipasho. Nilikaa na simu sikioni nikiambiwa mimi ni hasidi, nina roho ya korosho, na mume simpati, kisha kijana akapokea kwa adabu zote: "Shikamoo mzee." Nikaitika marahaba huku bado nimenuna.

Wadhamini nao wana mambo yao. Tangazo likidai majina ya watu watatu wanaokujua, mtu anaandika mkuu wa chuo ambaye hajawahi kumwona ila siku ya mahafali, tena kwa mbali, amevaa joho. Nilimpigia mdhamini wa kijana mmoja niliyeanza kumwelewa elewa. Akaniuliza, "Huyo ndiye anayenidai au ninayemdai mimi?" Nikamwambia sijui, naomba aniambie kama ni mwaminifu. Akafikiri kidogo, akasema, "Inategemea sasa ni yupi."

Maandalizi yenyewe hasa hayana mbwembwe, ndiyo maana hayapendwi. Yanaanzia kwenye bahasha ya kaki. Matangazo ya usaili wa serikali yamesema miaka nenda rudi kwamba karatasi ya matokeo ya kidato cha nne haikubaliki, kinatakiwa cheti halisi; kwamba kila mtu anajigharamia nauli, chakula na malazi; na kwamba ambaye majina yake yanatofautiana kwenye nyaraka aje na hati ya kisheria ya kuyapatanisha. Hilo la majina ndilo linalotuumbua. Baba alikwenda kuandikisha cheti cha kuzaliwa akasema Rehema. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi akasikia Rehima. Kitambulisho kikaja na Rehma. Kwa mama yake ni mtoto mmoja, kwa karani ni dada watatu walioachana vibaya. Mambo kama hayo yanataka wakili, muhuri na muda, na watu huyakumbuka usiku wa kuamkia usaili, wakiwa stendi ya Magufuli wanasubiri basi la Dodoma.

Wengine huona njia fupi ni kutengeneza cheti kabisa. Hao uhakiki wa mwaka 2017 uliwakuta wameshakaa ofisini, watumishi 9,932, wengine wana vitambi na mikopo ya nyumba.

Sasa, niliyasoma maombi hayo yote na mwaka huohuo mpwa wangu, binti wa dada yangu wa Mbagala, akaja nyumbani na bahasha yake. Kamaliza stashahada ya uhasibu, anatafuta kazi. "Shikamoo anko, naomba unipitishie macho." Nikafungua. Mchapakazi, mwaminifu, anayejituma.

Nikamuuliza tangu amalize chuo amekuwa akifanya nini. "Nimekaa tu, anko."

Watoto wa nchi hii wanakaa tu kwa namna ya ajabu. Huyu aliyekaa tu anaamka saa kumi alfajiri kwenda Temeke Stereo kununua nyanya za genge la mama yake. Halipi mpaka tenga limwagwe, kwa sababu anajua zile nzuri hupangwa juu na zile za kulia machozi hulala chini. Anajua mvua ikinyesha mikoa gani bei itapanda lini. Na ana daftari la madeni, kaunta buku lenye jalada jeusi, ambalo nimeliona kwa macho yangu: wateja wameandikwa kwa majina ya mtaani, Mama Shuka, Baba wa Bajaji Nyekundu, Mwalimu Mrefu, na mbele ya kila mmoja tarehe, kiasi, alicholipa, kilichobaki, na safu ya mwisho ya maoni. Kwa Mwalimu Mrefu imeandikwa: "analipa tarehe 25, usimuulize kabla, anaona aibu."

Nikamwambia, andika hili. Akanitazama kama nimemwambia aende usaili na khanga. "Nyanya kwenye CV, anko?"

Dada yangu ndiyo akaja juu kabisa. "Kaka, mimi nimemsomesha huyu kwa genge ili asiandike genge!" Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tukafikia mapatano: nyanya zikaingia, mstari mmoja, kwa lugha ya heshima, na binti akaachiwa vile vitabu vyake na safari zake, maana kijana wa stesheneri alimhakikishia waajiri wanapenda sana watu wanaosoma.

Akaitwa na kampuni moja ya kusambaza vinywaji. Sketi suti ilitoka Karume, mtumba wa daraja la kwanza, pasi ilipigwa usiku kwa mkaa kwa sababu umeme ulikatika, na cheche ikaacha alama ndogo nyuma, karibu na pindo. Akaelekezwa na mama yake awe anaondoka chumbani kinyumenyume. Viatu vilikuwa vya jirani. Kimoja kiliachama mdomo hatua chache kutoka getini. Fundi aliyekuwa chini ya mwarobaini akakibandika kwa gundi, akamwonya asikikanyagie sana upande wa kulia mpaka ikauke. Ndivyo alivyoingia kwenye usaili, binti aliyejiandaa, akichechemea.

Wasaili walikuwa watatu. Kimombo kikaanza. Jieleze wewe ni nani: akajieleza. Udhaifu wako nini: akasema anapenda kazi kupita kiasi, jibu ambalo Watanzania wote wamelikariri, na ambalo wasaili huliandika bila kuinua uso. Mama mmoja katika wale watatu alikuwa anasoma meseji zake chini ya meza. Kisha mzee wa katikati akaishika ile karatasi, akasema naona hapa unapenda kusoma vitabu. Kipi umekisoma karibuni?

Mpwa wangu anasema alijaribu kukumbuka kitabu chochote, hata cha shule. Hakikuja hata kimoja. Kilichokuja ni ukweli, na ulikuja kwa Kiswahili. "Daftari la madeni la mama."

Wakacheka, na yule mama akaacha meseji. "Wadeni wasiolipa unawafanyaje?" Kimombo kikafia hapohapo. Binti akaeleza kwamba mdeni hafukuzwi. Ukimfukuza, atapitisha fedha taslimu genge la ng'ambo na wewe atakupungia mkono kwa mbali. Unamuuzia cha leo kwa nusu ya alichozoea, taslimu, na kila akija anapunguza kidogo cha zamani. Akiona unamfuatilia kwa upole na umeandika, anaona aibu kukuhama. Na Baba wa Bajaji Nyekundu? Huyo, akasema, dawa yake ni kumdai mbele ya abiria. Mzee wa katikati akaomba arudie, akaandika. Nadhani kampuni ile ilikuwa na mabaa yake ya kudai.

Akaambiwa, "Tutakupigia." Kila aliyetafuta kazi anayajua maneno hayo. Akatoka kinyumenyume kama alivyofundishwa.

Nyumbani ikawa marufuku mtu kumpigia. Mimi mwenyewe nilikuwa natuma ujumbe. Kila namba ngeni ilipoita watu walizima redio, na kila mara alikuwa yule tapeli wetu wa taifa: ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la mtu usiyemjua. Dada yangu akachoka. Siku moja binti amekwenda Stereo, simu ameiacha gengeni inachajiwa, ikaita. Sauti ya kike, laini, ikauliza kama hiyo ni namba ya fulani. Dada akajibu, "Hela hatutumi, na mumeo pia mwambie atafute kazi," akakata. Ikaita tena. Sauti ikasema mama naomba usikate, nampigia kuhusu ajira. Dada akamwambia juzi mlisema nimeshinda pikipiki, leo imekuwa ajira, akakata tena na kuizima kabisa.

Jioni simu ilipowashwa ukaingia ujumbe. Dada akaniletea, ameushika kwa vidole viwili: binti aripoti Jumatatu saa mbili asubuhi, aje na vyeti halisi na nakala.

"Kaka," akaninong'oneza, "hawa wezi siku hizi wanataka mpaka vyeti halisi?"