Ajira ya Kudumu ni ya Mifupa

Ukitaka kupanda cheo katika makumbusho, kwanza ufe. Usikimbilie kubisha; mtazame mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria. Alichimbuliwa Lindi kati ya 1909 na 1913, wapagazi wakambeba vipande vipande hadi pwani, na mwaka 1937 akasimamishwa Berlin; leo kimo chake ni zaidi ya mita 13. Hajaandika barua ya maombi, hana shahada, na kila mwaka watu hupanga foleni kumwona.

Sasa mtazame mwenzake aliye hai, kijana wa makumbusho ya mji wetu, msomi wa historia. Asubuhi hufagia, saa nne hukata tiketi, saa sita huongoza wanafunzi, jioni hufunga mlango kwa kufuli kongwe kuliko vyungu vilivyomo. Anajitolea mwaka wa sita. Akiuliza ajira, huambiwa avute subira, historia haina haraka. Mgeni rasmi akija, hupiga picha na chungu, si na aliyekipangusa vumbi.

Basi wanangu mnaosomea historia, msikate tamaa. Nafasi za kudumu zipo, ila zote zimo ndani ya kabati la kioo.