Fungua Mdomo Tu, Mzee Wangu

Kijana aliniamkia kwanza. "Shikamoo, mzee wangu." Nikaitika marahaba, na ukishaitika marahaba huwezi tena kugomba. Ndipo akaniinamia sikioni, mbele ya safu nzima ya besi, akaninong'oneza kwa sauti iliyofika mpaka kwa soprano: "Wimbo wa pili, fungua mdomo tu. Sauti usitoe."

Hiyo ni Jumamosi iliyopita, na uso bado unanichoma. Kwaya hii ya mtaa mimi ni miongoni mwa walioianzisha. Viti vya plastiki vililetwa na bajaji kwa nauli yangu. Huyo kijana mwenyewe, mwalimu wetu na mwanafunzi wa chuo anayekuja mazoezini na ndala, nilimbembeleza mimi.

Basi nikatikisa midomo. Msidhani ni kazi nyepesi. Usipotoa sauti, mikono inakosa pa kukaa, nyusi zinapanda zenyewe, na pumzi uliyoivuta kwa bidii haina pa kwenda. Wimbo ulitoka vizuri mno, na hapo ndipo paliponiuma. Mama mmoja wa alto, muuza samaki, akageuka kunipongeza: "Leo baba zetu wa besi mmetulia kweli!"

Ninao utetezi, tena wa kitaalamu. Mwaka 1911 daktari wa masikio wa Ufaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu akipigiwa kelele masikioni huku anazungumza, sauti yake hupanda bila yeye kukusudia. Kelele ikizimwa, inashuka. Madaktari wakageuza jambo hilo kuwa mtego wa wanaojisingizia uziwi. Unampa mtu kitabu asome, katikati unamwachia kelele. Kiziwi wa kweli anaendelea vilevile. Mwongo anapaza sauti na kujiumbua. Nimelisoma hilo usiku, simu mkononi, mke wangu akiuliza kama kuna msiba.

Katika kwaya, kelele hiyo ni wenzako. Mwimbaji hujisikia kwa njia mbili, kupitia hewani na kupitia mifupa ya kichwa chake mwenyewe. Jirani akikuzidi, hujisikii, unaongeza kidogo. Sasa jirani naye hajisikii, anaongeza. Tenor wanahisi wamevamiwa, nao wanapanda. Hakuna aliyekusudia ugomvi, lakini kufikia kiitikio kila mmoja anaimba kama anayegombea siti ya daladala Mwenge saa kumi na mbili jioni. Dawa inajulikana: waimbaji waachiane nafasi, kila mmoja apate kuisikia sauti yake.

Nafasi ndiyo hatuna. Tunafanyia mazoezi kwenye baraza ya shule ya chekechea huku Bonde la Mpunga, na ukuta wa nyuma tunachangia na baa. Saa kumi alasiri baa inafungulia singeli, mapigo zaidi ya mia mbili kwa dakika, wakati mwalimu wetu anapunga mkono polepole akiomba utulivu. Safu ya besi ndiyo iliyoegemea ukuta huo. Spika iko mgongoni mwangu. Lombard angenielewa.

Hata do yetu inakimbia. Tunatumia nota za herufi, d r m f s l t, zilizoenezwa karne ya 19 na mchungaji wa Kiingereza, John Curwen, baada ya kuuchukua mfumo wa mwalimu Sarah Glover wa Norwich. Uzuri wake unanishangaza mpaka leo. Huhitaji mistari mitano. Nuktambili inatenganisha mapigo, kistari kinarefusha sauti, na taipureta yoyote ya misheni iliweza kuchapa wimbo mzima. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule kule Johannesburg, alitunga mwaka 1897 tuni tunayosimama wima kuiimba kama wimbo wetu wa taifa, naye alikuwa mtu wa herufi hizihizi. Halafu do haina makao: inakaa popote mwalimu atakapoiweka. Yeye anaitoa kwenye simu. Sisi tunaanza na do ya simu, tunamaliza na do ya baa.

Na wiki hii mwenye shule amefikishiwa malalamiko ya kelele. Yanatuhusu sisi. Baa haikutajwa. Koo za watu wazima zisizo na kipaza sauti hata kimoja zimeonekana kero! Hapo sicheki. Shuleni tuliimba mchakamchaka jua halijachomoza, hakuna aliyeulizwa kama ana kipaji. Viwanda na mashirika vilikuwa na kwaya zao, Radio Tanzania ikizirekodi. Leo asiye na kwaya ya kanisani wala kikundi cha kaswida aimbie wapi, bafuni? Nilikwenda kuulizia kiwanja kimoja upande wa bahari. Mlinzi akataka kujua tutalipa shilingi ngapi kwa saa.

Mengine ni madogo. Nota za besi nilizikuta zimefungiwa kashata. Kwaya haina jina, kwa sababu kamati ya jina imegawanyika.

Tumealikwa send-off mwezi ujao, na familia imeshauliza kama muziki wetu uko kwenye flashi. Mimi nimepewa kukusanya michango ya sare. Kitenge ni cha kijani na machungwa, soprano wamekipitisha bila kuuliza mtu, na fundi hapimi hata kiuno kimoja mpaka aone nusu ya fedha.