Watu wa Posa Kutoka Sur

Alhamisi ile mtandao ulikatika kwetu Ibra, Oman, kabla ya adhuhuri, na watu wa posa wamekwisha kutoka Sur. Tuliambiwa katapila lililokuwa likichimba kando ya barabara limekata waya. Intaneti ya nyumbani ikazima, ya kwenye simu ikafuata. Simu ya kawaida ilipatikana kwa kubahatisha, sauti inakuja na kupotea. Anayeposwa ni mdogo wangu, na shughuli nzima tulikuwa tumeipanga ndani ya simu.

Ikaanza gesi. Mtungi uliisha nyama ikiwa haijaiva, na muuza gesi tumezoea kumwita kwa ujumbe. Mama akamtuma kaka yangu azunguke mitaani kusikiliza honi ya lori la mitungi. Zikafuata pesa. Siku hizi kila kitu twalipa kwa kadi au kwa kutumiana kwenye simu, kwa hiyo nyumba yote haikuwa na taslimu ya mtungi mmoja. Mashine ya kadi dukani haikufanya kazi. Mwenye duka, kijana wa Bangladesh, alitoa daftari chini ya kaunta, akaandika jina la baba, akatupimia mchele na iliki bila ya neno. Pesa za gesi zilitoka kwenye fundo la leso ya Bibi. Yeye hakosi noti, maana kila Jumatano huenda soko la wanawake la hapa Ibra kununua wanja na vitambaa, na kule hutaka kushindana bei kwa pesa mkononi.

Mkate wa kumimina alikuwa atuelekeze shangazi aliyeko Maskati kwa video. Bibi akaukoroga mwenyewe, kiganja ndiyo mizani yake, na ulichambuka vizuri.

Lakini wageni! Lokesheni tulikwisha kuwapelekea mapema. Walipoingia Ibra ramani ikaganda. Mkubwa wa msafara akapiga simu: "Tuko msikitini."

"Msikiti upi?" kaka akauliza. Ikakata.

Ilipopatikana tena, kaka alikuwa na neno moja tu: fuateni lokesheni. Kazaliwa hapa, kajifunza kuendesha gari hapa, na hakuweza kumtoa mgeni barabara kubwa akamfikisha mlangoni kwetu kwa maneno. Iliniuma kuliona hilo. Bibi akamnyang'anya simu. "Assalaam alaykum, mwanangu. Iacheni barabara kubwa, shikeni njia ya Sufala mpaka myaone magofu ya Minzfah, kisha..." Simu ikakata kwenye "kisha".

Kwa Bibi magofu yale ndiyo dira ya mji. Ni majumba makubwa ya matajiri waliofanya biashara na Unguja na Mrima, milango mirefu, kuta zilizobomoka. Wageni waliyafikia. Mbele yake wakaona nyumba ina taa nyingi na wanaume wenye kanzu langoni, wakateremka. Wakapokewa kwa mikono miwili, wakaulizwa hali na habari za njiani, wakakalishwa majlisi. Fuala ikaletwa, tende, halua na matunda, na kahawa ikazunguka mpaka kila mmoja akatikisa kikombe kuwa imetosha. Oman mgeni haulizwi haja yake kabla hajala na kunywa. Basi wale nao wakaona mambo yanakwenda kama yanavyotakiwa, na mkubwa wao akajiweka sawa, akasoma hamdu, akasema wamekuja kuomba binti wa nyumba ile.

Mwenye nyumba, ambaye binti yake mkubwa yuko darasa la tatu, alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kwa upole, "Mmekusudia nyumba ya nani, jamaa zangu?"

Wakati huo kwetu Mama analia jikoni, anaamini wamegeuza. Baba kasimama njiani na tochi. Ami yangu wa Nizwa alikwisha kufika zamani, kwa kuwa yeye njia huijua kwa kichwa. Alikaa na baba pale nje akimtuliza, akamhadithia jinsi marehemu baba yao alivyokuwa akishika zamu ya maji ya falaji, mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota, kila athari moja nusu saa, na jirani hamdhulumu jirani. Bibi ndiye hakushughulika kabisa. Amezaliwa Unguja, akaondoka baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, akaingia Oman baada ya Sultan Qaboos kushika nchi Julai 1970. Mama yake alikuwa akingoja barua ya ndugu zake ije na majahazi ya kaskazi, na jibu liondoke na kusi. "Watu wa Sur hawapotei," akasema. "Babu zao walikuwa wakija mpaka Unguja." Na kweli, jahazi la Fatah al-Khair, lililoundwa Sur mwaka 1951, mpaka leo limewekwa huko watu walitazame.

Baada ya isha gari la mbele likapiga honi. Aliyekuwa akiliendesha ni yule mwenye nyumba ya Minzfah, kawaleta mwenyewe hadi langoni. Baba hakumwachia kuondoka, akala nasi. Posa ikakubaliwa, na wali ulikuwa umepondeka.

Siuchukii mtandao, na mtu wa Sharqiyah, mkoa wetu huu, hawezi kuuchukia. Aprili 2024, mara tu baada ya Idi, wadi ziliposhuka Samad Ash Shan na kusomba gari lililobeba wanafunzi, tulikesha na simu mikononi tukitafuta habari za watoto wa watu. Ninachokilalamikia ni kwamba tumeutwika mtandao hata vile ambavyo zamani kila mtu wa nyumba alikuwa navyo kichwani: njia ya kwetu, namba ya shangazi, kipimo cha unga. Bibi ana miaka mingi, na yale ayajuayo hayamo kwenye simu yoyote.

Msomaji wangu, ikiwa una mzee nyumbani, kaa naye wiki hii na daftari na kalamu. Andika namba za jamaa. Muulize vipimo vyake vya jikoni, kisha mwite mwanao aeleze kwa mdomo, bila ya kugusa simu, vipi mgeni atatoka barabara kubwa mpaka afike mlangoni kwenu.