Kwa Mheshimiwa Jerry Jones, kuhusu kijana wetu namba 4

Mheshimiwa sana Jerral Wayne Jones,
Mmiliki, Rais na Meneja Mkuu wa Dallas Cowboys,
Texas, Marekani.

YAH: SHUKRANI NYINGI NA OMBI DOGO

Shikamoo, Mzee wangu. Shikamoo ya kwanza ni ya Mmiliki, ya pili ya Rais wa klabu, ya tatu ya Meneja Mkuu. Kwa kuwa waheshimiwa wote watatu mnavaa suti moja, marahaba moja itanitosha, na hata isipokuja sitanuna. Waraka huu usipokufikia wewe, basi na umfikie karani wa karani wako, naye akiutumia kukufutia miwani nitawaandikia watu wa nyumbani Kigoma kwamba nimepokelewa.

Mimi ni mtu mdogo wa hapa Fort Worth, na Jumapili zangu huishia kwa kinyozi, kwenye viti ambavyo Waswahili wa Uvira, Bujumbura, Mombasa na Tanga hukalia bila kunyolewa. Tulifika Texas tukijua soka peke yake. Huu mpira wenu wa kubeba mikononi tumefunzwa na klabu yako, na pamoja nao tukafunzwa kugombana. Hilo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu nikushukuru.

Umetupa Dak Prescott, huyo namba 4, Mzee. Kwa ndugu zetu wa nyumbani ambao huenda wakaisoma barua hii kabla yako, yeye ni kwotabeki: ndiye apokeaye mpira kila shambulizi linapoanza, na ndani ya sekunde chache aamue kumkabidhi mkimbiaji, kuurusha mbali, au kukimbia nao mwenyewe huku majitu ya kilo 150 yakimjia. Akipatia, timu imecheza vizuri. Akikosea, amekosea yeye.

Kinyozini pamegawanyika. Upande wa mlango wanakaa wanaomponda. Hao hawana maneno mengi, wana matokeo. Mechi saba za mtoano, wanasema, ameshinda mbili. Watakukumbusha Januari 2022 dhidi ya San Francisco 49ers: zimebaki sekunde 14, mapumziko ya kuomba yamekwisha, kijana akachomoka na mpira katikati ya uwanja, akaanguka, na saa ikaisha kabla mpira haujachezwa tena. 23–17, tukarudi nyumbani, ingawa tulikuwa nyumbani. Watakukumbusha pia Januari 2024, Green Bay Packers, timu iliyoingia mtoano kwa tundu la sindano, ilipokuja Arlington, mahali ambapo Cowboys walikuwa wameshinda mechi 16 mfululizo, ikatuchapa 48–32. Mzee mmoja wa Bujumbura aliizima televisheni ya kinyozi kabla ya mapumziko. Tangu siku hiyo rimoti hufichwa.

Upande wa kioo wanakaa wanaomtetea, nao wana takwimu na machozi. Msimu huohuo wa 2023, wanasema, alirusha pasi 36 za tachidauni, yaani za kufunga, hakuna aliyemzidi katika ligi nzima, na kwenye kura za mchezaji bora akawa wa pili nyuma ya Lamar Jackson. Oktoba 2020 kifundo chake cha mguu kilivunjika na kuteguka watu wakitazama, naye akarudi. Mama yake alikufa kwa saratani mwaka 2013, kaka yake akafariki mwaka 2020, kisha akasema hadharani kwamba alipatwa na sonona, jambo ambalo wanaume wa kinyozini kwetu hawajawahi kuliambia hata mto wa kulalia. Upande wa mlango hujibu kwamba hakuna aliyesema ni mtu mbaya. Wanachouliza ni kwa nini mtu mwema huyo huadimika kila ifikapo Januari.

Wanagombana hadi kinyozi anazima taa. Na hapa ndipo shukrani zangu zinapokolea, Mheshimiwa, maana katika kelele zote hizo jina lako hutajwa mara mojamoja, upesi, kama watu wanavyolitaja jua la Agosti la hapa Texas: lipo, linaunguza, na hakuna aliyelipigia kura. Kwotabeki anaweza kuwekwa benchi. Kocha anaweza kufukuzwa. Wewe ulinunua. Basi lawama ikishapanda ngazi mbili hugeuka yenyewe, ikashuka kumtafuta yule anayeweza kuondolewa.

Usidhani nimesahau fadhila zako nyingine. Mwaka 1989 ulitoa takriban dola milioni 140 ukainunua klabu, na siku hiyohiyo ukampumzisha Tom Landry, aliyekuwa ameifundisha kwa misimu 29, asije akachoka. Leo jarida la Forbes linaithamini kwa zaidi ya dola bilioni 10. Tumefurahi mno. Mashabiki wa timu nyingine hujivunia vikombe. Sisi tumejaliwa kujivunia mali ya mtu mwingine. Na vikombe tuliviona pia, nisije nikawa mwizi wa fadhila: ulitwaa viwili mfululizo na kocha Jimmy Johnson, kisha mwaka 1994 mkaachana, baada ya wewe kusema kwamba wapo makocha 500 ambao wangeshinda na timu ile. Tulikuamini. Mrithi wake, Barry Switzer, alithibitisha maneno yako kwa kutwaa kikombe Januari 1996. Baada yake wakapita Gailey, Campo, Parcells, Phillips, Garrett na McCarthy, sasa yuko Schottenheimer, na hakuna hata mmoja aliyetufikisha tena kwenye fainali ya NFC, yaani nusu fainali ya ligi, sembuse Super Bowl, fainali yenyewe. Kwa hesabu yangu wamebaki 492. Mimi sina haraka.

Nije kwenye fedha, maana hapo ndipo kijana anapopigwa zaidi. Upande wa mlango husema kwamba mtu anayelipwa wastani wa dola milioni 60 kwa mwaka amekula fedha za ulinzi mzima. Hapo mimi, mtu mdogo, hukutetea wewe kwa kueleza ilivyokuwa. Mwaka 2016 ulimpata Dak katika raundi ya nne ya mgawo wa wachezaji wapya, akiwa wa 135, kwa mkataba wa miaka minne usiofika dola milioni 3. Miaka minne ya bwerere, Mzee! Fedha za ulinzi zilikuwepo zote, na bwerere hiyo ilituletea ushindi mmoja wa mtoano. Mkataba ulipokaribia kwisha, watu wenye pupa wangefunga biashara mapema. Wewe ukangoja. Mwaka 2020 ukamshika kwa mwaka mmoja, dola milioni 31 na ushei. Ukangoja. Mwaka 2021 ikawa milioni 160 kwa miaka minne. Ukangoja tena, hadi tarehe 8 Septemba 2024, saa chache kabla ya mechi ya kwanza kule Cleveland, ikawa milioni 240. Kila ulipongoja bei ilipanda, na kila bei ilipopanda kinyozini wote walimwuliza Dak kwa nini ana tamaa. Nimewahi kuona watu wakisubiri bei ishuke. Kusubiri bei ipande, na mwenye kulaumiwa akawa muuzaji, huo ni ufundi ambao sikuwahi kuukuta Kigoma.

Agosti 2025 ukampeleka mlinzi wetu nyota, Micah Parsons, kwa haohao Packers. Mwezi mmoja baadaye akarudi Arlington akiwa na jezi yao, tukatoka sare, 40–40. Kesho yake upande wa mlango ulitaka kujua kwa nini Dak hakuongoza timu kufikisha 41.

Wapo wanaosema hututambui sisi mashabiki. Huo ni uzushi, nami nimeupinga hadharani. Oktoba 2025, kule New Jersey tulipowafunga Jets, ulitunyooshea kidole. Baadaye ulieleza kwa upole kwamba ulikusudia kidole gumba, kikatoka kingine. Ligi haikuelewa, ikakutoza faini ya dola 250,000. Mimi nilielewa mara moja. Katika miaka yote hii ilikuwa ndiyo barua pekee tuliyojibiwa.

Tena kuna lile la jua. Novemba 2024, tulipocheza na Eagles, mpokeaji wetu CeeDee Lamb alikosa pasi kwa kuwa jua la magharibi lilipenya madirisha makubwa ya uwanja wako na kumpiga machoni, akasema angependa pawekwe mapazia. Mapazia yapo, hufungwa siku za tamasha za muziki. Nawe ukauliza kama basi tuubomoe uwanja mzima tujenge mwingine. Tulinyamaza, Mheshimiwa. Wakazi wa Arlington ndio waliokubali kwa kura, mwaka 2004, kuchangia dola milioni 325 kupitia kodi ili uwanja huo ujengwe, na hatukutaka waonekane wana hamu ya kuchanga tena. Eagles walishinda 34–6. Dak siku hiyo alikuwa majeruhi, hakucheza, hivyo kinyozini alilaumiwa kwa kutokuwepo.

Sasa lile ombi dogo. Mwanzoni nilitaka kumwomba Mmiliki amwite Meneja Mkuu ofisini, amkabidhi barua, amshukuru kwa utumishi wake. Nikakumbuka kwamba mwaka 2012 mtangazaji Bob Costas alikuuliza kama ungekwishamwondoa meneja mkuu huyo laiti angekuwa mtu mwingine, nawe kwa uungwana wako ukakubali kwamba huenda ungemwondoa. Bahati yake ni kwamba si mtu mwingine. Nami sipendi kugombanisha watu wa nyumba moja.

Kwa hiyo naomba kazi. Klabu yako ina kocha wa warushaji, hata kocha wa wakimbiaji, lakini haina Mlaumiwa Mkuu. Kazi hiyo Dak anaifanya juu ya kazi yake, na kwa kadiri nijuavyo haimo kwenye zile milioni 240. Naomba niajiriwe mimi. Timu ikifungwa, nitolewe hadi katikati ya uwanja nikiwa nimevaa jezi isiyo na namba, sura yangu irushwe kwenye ile televisheni yako yenye upana wa karibu mita 49, na watu watangaziwe kwamba mimi ndiye niliyengoja hadi bei ikapanda, mimi ndiye niliyemwachia Parsons, na mimi ndiye niliyemchagua kila kocha tangu Switzer. Wanizomee kwa dakika kumi, kisha waende nyumbani salama, na wewe huko juu usikatishwe chakula. Dak naye apigiwe makofi au azomewe kwa kadiri alivyorusha siku hiyo tu, utaratibu ambao kinyozini kwetu haujawahi kujaribiwa.

Sifa zangu ni chache. Sina uzoefu wa kusajili wachezaji, sishauriki, na sitajiuzulu kamwe. Naamini utazitambua.

Mshahara siombi. Naomba pazia tu, Mheshimiwa, kwa sababu mechi za alasiri nitakuwa nimesimama nikielekea magharibi, na ningependa niwaone vizuri wanaonizomea.

Wako mtiifu, mnyonge wa wanyonge,

Shabiki wa kiti cha katikati,
Kwa kinyozi, Fort Worth.