Kuhama kwa Vifijo, Kurudi Kimyakimya

Mfumo wa kujenga programu hupokea maelfu ya faili za kodi na kuzigeuza, kwa mpangilio unaofaa, kuwa programu inayofunguka. Ukifanya kazi hakuna anayeutaja. Ukiharibika, mradi mzima husimama. Ndiyo sababu miradi huria huuhama kwa tangazo refu, na mambo yakienda kombo hurudi kwa ujumbe wa mstari mmoja.

Aibu kubwa ya aina hii iliipata KDE, mradi unaotengeneza madirisha, menyu na programu za kila siku za Linux. Hadi toleo la 3 ilijengwa kwa Autotools, mkusanyiko wa zana za kujenga programu. Mwanzoni palikuwa na faili zilizoitwa configure.in.in, na jina hilo si kosa la uchapaji. Ziliunganishwa zikawa configure.in, kichakataji cha makro M4 kikaitafuna, ikatoka configure, skripti ndefu ya kutisha. Upande wa pili skripti ya Perl, am_edit, ilipita kurekebisha kazi ya Automake, mojawapo ya zana hizo, ambayo haikujua desturi za KDE. Kisha configure ilihoji kompyuta jambo moja moja, ikitaka kujua hata kama kompaila inakusanya chochote kweli, na mwishoni ikampongeza mhusika na kumruhusu aanze make, chombo kinachofanya ujenzi wenyewe. Walioelewa mtambo huo wote walikuwa wachache, na hao wachache hawakupata usingizi.

Mwaka 2005, mkutanoni Málaga, Hispania, ikakubaliwa kuhamia SCons, mfumo mwingine wa kujenga. SCons haistahili kuchekwa. Make, iliyozaliwa Bell Labs mwaka 1976, hutazama saa: faili ya kodi ikiwa mpya kuliko zao lake, hujenga upya. Mtu akihifadhi faili bila kugusa hata nukta, yote yanayoitegemea hujengwa tena. Saa ya kompyuta ikipotoka, Make nayo hupotoka. SCons haiiamini saa. Husoma yaliyomo, hukokotoa alama yake ya MD5 na kuilinganisha na ya awali. Mtu akiongeza maelezo ya pembeni ndani ya kodi, faili hukusanywa, lakini zao likitoka lilelile kazi hukomea hapo. Ni ustadi wa kupendeza. Bei yake ni kwamba katika mradi mkubwa mtu hungoja muda mrefu ili aambiwe hakuna cha kufanya.

Hata hivyo, kilichowashinda KDE zaidi ni kazi ya ziada. Ukaguzi wa kompyuta na desturi za usakinishaji vilibidi viandikwe juu ya SCons kwa Python, katika tabaka lililoitwa bksys, mpaka tabaka lenyewe likawa mradi. Mapema 2006 SCons ikaachwa. Kurudia Autotools hakuna aliyekutamani, hivyo ukachukuliwa mfumo wa CMake wa Kitware, ulioanza kama chombo cha kujengea ITK, maktaba ya kuchakata picha za kitabibu. Bksys ikajitenga, ikawa mfumo wa kujenga uitwao Waf. KDE 4.0, iliyojengwa kwa CMake, ilitoka Januari 2008.

KDE haikuwa peke yake. Qt, maktaba ya kutengenezea programu zenye madirisha, ilijitungia mfumo wa Qbs, ikatangaza mwaka 2018 kwamba inauacha. Boost, mkusanyiko wa maktaba za C++, ilitangaza kuhamia CMake mwaka 2017; b2, mfumo wake wa zamani, haukuondoka.

Ugumu wa kurudi ni kwamba mfumo wa zamani haukai ukisubiri. Wakati wa kuhama mifumo yote miwili hutunzwa sambamba, na kila anayeongeza faili huiandikisha kwenye mmoja akasahau mwingine. Ukirudiwa baada ya miezi, wa zamani nao haujengi. Anayekesha kuurekebisha kwa kawaida ni mtu mmoja wa kujitolea, asiyelipwa, na wanaomfokea ni walewale waliopiga kura ya kuhama kisha wasiguse faili hata moja. Hilo halichekeshi.

Git, chombo kinachotunza historia ya kodi, nayo ina ugumu wake wa kurudi. Kurudisha badiliko hakulifuti. Huongeza badiliko jingine lililo kinyume chake. Tawi zima lililokwisha kuunganishwa likirudishwa hivyo, kisha likarekebishwa na kuunganishwa tena, kazi yake ya mwanzo haiingii, kwa kuwa Git huhesabu kwamba inayo tayari. Inabidi kwanza rudisho lenyewe lirudishwe, ndipo marekebisho yaunganishwe juu yake.