Fataki Kwenye Kikao cha Msiba

Programu za kufanyia kazi kwa pamoja, kama Zoom, Microsoft Teams na Google Meet, hubadilika usiku wenye kuzitumia wakiwa wamelala. Kipengele kipya huja na sasisho, na mara nyingi huja kikiwa kimeshawashwa. Waliokitengeneza walimfikiria mfanyakazi aliyejifungia chumbani peke yake. Anayekitumia yuko sebuleni Tabata, jogoo yuko dirishani na shemeji anatafuta sukari. Ajali nyingi za vikao vya mtandaoni huanzia hapo, mtu anapobonyeza kitu bila kujua ni nani mwingine anayekiona au kukisikia.

Ya maiki ni mepesi. Katika Zoom, aliyejinyamazisha hushikilia kitufe kirefu cha kuachia nafasi, akasema neno lake, na akikiachia maiki inajifunga yenyewe. Katika Teams kwenye Windows, kitufe hicho hushikiliwa pamoja na Ctrl. Kichuja kelele kisiaminiwe kupita kiasi: huondoa mvumo wa feni na mlio wa kibodi, lakini kimefunzwa kuiheshimu sauti ya binadamu, hivyo shemeji husikika vizuri kuliko mtoa mada. Naye anayeshea skrini achague dirisha moja la kazi, aiache skrini nzima, na azime arifa. La sivyo, ujumbe wa "Ndugu yangu, ile elfu hamsini vipi?" utatua juu ya jedwali la bajeti, kwenye safu ya madeni kabisa.

Kipengele chenye vituko kuliko vyote ni cha ishara za mikono. Kilikuja mwaka 2023 na mifumo ya macOS Sonoma na iOS 17 ya Apple: kamera huzisoma ishara za mtu na kuzipamba kwa picha. Alama ya V kwa mkono mmoja hupandisha maputo, kwa mikono miwili humwaga vijikaratasi vya rangi, madole gumba mawili yakielekezwa chini huleta mvua, na yakiinuliwa hulipua fataki. Kwenye kikao cha arusi ni raha tupu. Lakini kamati ya arusi na kamati ya mazishi hukutana kupitia kompyuta zilezile, nazo hazijui ziko kwenye ipi. Mjumbe aliye Minnesota, aliyefunga maiki kwa heshima ya wafiwa, anaafiki gharama za jeneza na usafiri kwa kuinua madole gumba yote mawili. Papo hapo ukuta ulio nyuma yake unawaka rangi, na mwenyekiti, mzee wa watu, anauliza kwa upole, "Mwanangu, huko kwenu leo kuna sherehe gani?"

Mjumbe hukimbilia mipangilio ya Zoom kutafuta pa kuzimia, asipaone, kwa sababu fataki zile ni za kompyuta yenyewe. Kwenye Mac, swichi imo ndani ya alama ya kijani ya kamera inayotokea juu ya skrini kamera inapotumika. Kwenye iPhone imo katika paneli inayoteremshwa kwa kidole kutoka juu ya skrini, sehemu ya madoido ya video. Izimwe kabla agenda haijasomwa.

Ofisi nyingi za Afrika Mashariki hulipia programu moja na kufanyia kazi nyingine, nayo ni WhatsApp. Huko majuto yana ngazi zake. Tangu 2023 ujumbe huweza kuhaririwa ndani ya dakika 15, ukabaki na alama ndogo tu. Hiyo ndiyo dawa ya tarakimu iliyokosewa. Kufuta kwa wote, kulikoanza 2017 kwa muda wa dakika saba, sasa huwezekana kwa siku mbili na ushei, lakini huacha tangazo kwamba ujumbe umefutwa, na hakuna waraka unaojadiliwa ofisini kwa bidii kama ule ambao haupo. Balaa zaidi ni la aliyemteta meneja katika kundi ambalo meneja yumo, kisha kwa kiherehere akachagua kujifutia peke yake. Sasa kila mtu anao ushahidi isipokuwa yeye. Tangu mwishoni mwa 2022 WhatsApp humpa sekunde tano za kutengua kosa hilo ili afute kwa wote, muda unaomtosha mtu asiyetetemeka.

Kupanga ujumbe utumwe baadaye, jambo ambalo Gmail imeliruhusu tangu 2019, kumewaokoa wengi na meneja asiye na usingizi: anaandika usiku, barua inafika asubuhi. Taabu iko kwenye saa. Kalenda huhesabu kuanzia usiku wa manane, katibu huhesabu kuanzia macheo. Akijaza 2:00 akikusudia saa mbili asubuhi, mwaliko hutoka wa saa nane usiku, na watiifu huamshwa na arifa robo saa kabla. Ajumlishe sita, ajaze 8:00, kisha aandike "saa mbili asubuhi" kwenye maelezo.

Mgeni wa karibuni ni mwandishi wa kikao wa akili mnemba. Hachoki wala hachagui: mjadala wa pilau ya mchana huweza kuingia kwenye muhtasari ukiwa na mtekelezaji na tarehe ya mwisho. Majina ya watu yasomwe na binadamu kabla muhtasari haujasambazwa. Baadhi ya waandishi hao hubaki kikaoni hata aliyewaleta akishaondoka, wakiandika yanayosemwa na waliobaki, kisha wakawatumia wote walioalikwa, akiwemo anayesemwa. Mwenyeji mwenye hamu ya umbea amalize kwanza kikao kwa washiriki wote, ndipo apige simu.