Ikishuka Mgonjwa, Ikipanda Mwizi

Nyumbani kwetu Mbagala, sukari yangu ni mali ya umma. Mke wangu anaiona kwenye simu yake akiwa dukani Kariakoo. Binti yetu anaiona akiwa chuoni Morogoro. Shemeji yangu aliyeko Uingereza, ambaye hunitumia vihisi kila akipata mtu wa kuja huku, naye anaiona, na ujumbe wake haukawii: "Shem, mbona kumi na tatu?" Mimi mwenye sukari yangu mara nyingi ndiye wa mwisho kupata habari.

Kihisi chenyewe ni kidude cheupe, kikubwa kidogo kuliko kizibo cha soda, kinachobandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Chini yake kuna uzi mwembamba wa takribani milimita tano unaozama ndani ya ngozi. Uzi huo umepakwa kimeng'enya ambacho kikikutana na glukosi huzalisha umeme kidogo mno: umeme ukizidi, sukari imepanda, ukipungua, imeshuka. Elimu hii si ya jana. Mwaka 1962 Mmarekani Leland Clark alishaeleza jinsi kimeng'enya kinavyoweza kuunganishwa na elektrodi ili kupima glukosi. Kilichochukua miaka mingi ni kuitoa maabara na kuifikisha kwenye mkono wa mtu anayegombania daladala.

Nina kisukari cha aina ya kwanza tangu nikiwa shuleni, na ninajichoma insulini kila siku. Kwa hiyo kidude hiki ninakipenda kwa dhati. Kimenipunguzia kutoboa vidole na kimeniamsha usiku ambao pengine nisingeamka mwenyewe. Lakini kina makosa yake, na nyumba yetu ina hukumu mbili tu za makosa hayo. Kikisema sukari imeshuka, mimi ni mgonjwa: naletewa juisi, napepewa, naombewa dua. Kikisema imepanda, mimi ni mwizi: nanuswa mdomo.

Tuanze na ugonjwa. Mama mkwe alipokuja kutoka Tanga kututembelea, simu ililia saa tisa usiku kwa ule mlio ambao hauna heshima kwa mgeni. Imeshuka chini ya 3.9, ilisema, halafu ikasema 3.1. Kabla sijajua niko upande gani wa kitanda, mke wangu alikuwa ameshanikalisha na glasi ya juisi ya embe iko mdomoni. Mlangoni mama mkwe amesimama na kanga mbili na bakuli la uji. "Kunywa, baba," akasema. Mkwe akikuambia kunywa, hakuna mjadala wa kisayansi. Nikanywa juisi, nikanywa na uji.

Kumbe nilikuwa nimelalia mkono wenye kihisi. Ukikilalia, nyama inayokizunguka inabanwa, majimaji yenye sukari hayafiki vizuri kwenye uzi, nacho kinaripoti njaa ya eneo lake dogo kana kwamba ni njaa ya mwili mzima. Ukigeuka, dakika chache baadaye namba inapanda yenyewe bila msaada wa mtu. Yangu ilipanda, ikaungana na juisi, ikaungana na uji, na kulipokucha ilisoma 14.8. Mama mkwe aliitazama namba ile, akanitazama mimi, akamuuliza binti yake kwa upole: "Huyu mumeo usiku anaamka kula?"

Tangu hapo kimashine cha kutoboa kidole kinalala kando ya mto, na kihisi kinahamishiwa upande nisioupenda kulalia. Kengele ikilia nami sijisikii vibaya, kidole kwanza. Ila mwili ukitetemeka, jasho jembamba likitoka na moyo ukienda mbio, sukari kwanza na ubishi baadaye, maana siku ambayo kihisi kinasema kweli haina subira.

Siku ya namna hiyo ilinikuta kwenye harusi ya jirani. Nilikuwa nimechoma insulini nikitegemea pilau, na pilau likategemea hotuba. Nikaanza kuona wasemaji wawili kwenye kipaza sauti kimoja. Kihisi kikasema 3.4, na safari hii mwili ukaunga mkono. Kanuni niliyofundishwa kliniki ni kula gramu 15 za sukari, yaani kama vijiko vitatu vya chai vilivyojaa, kusubiri dakika 15, kisha kupima tena. Nusu chupa ya soda ingetosha kabisa, na nusu chupa nikanywa. Dakika kumi baadaye kihisi kikasoma 3.2, mshale unaelekea chini.

Shida ni kwamba kidude hiki hakigusi damu. Kinasoma majimaji yaliyo katikati ya chembechembe za mwili, na sukari hupita kwenye damu kwanza kabla ya kufika huko. Inaweza kuchelewa dakika tano, hata kumi na tano, hasa inapopanda au kushuka kwa kasi. Damu yangu ilikuwa imeshapona wakati simu bado inatangaza msiba. Jaribu kuwaeleza hilo akina mama wa kamati ya chakula. Mmoja alileta soda nzima, mwingine keki, wa tatu akanishika kidevu. Pilau lilipofika na mimi nilikuwa nimefika 15. Shangazi wa bwana harusi, yuleyule aliyenilisha keki kwa mkono wake, akaona namba kwenye simu yangu mezani na kusema, "Na wewe baba, keki yote hiyo ya nini?" Nilihama kutoka kundi la wagonjwa hadi kundi la wezi bila kuinuka kwenye kiti.

Upande wa wizi, mwendesha mashtaka mkuu ni Mjomba. Imani yake ni moja: mashine haina sababu ya kusema uongo, mtu anazo. Nilipougua mafua nikawa nakunywa vile vidonge vya vitamini C vya kuyeyusha kwenye maji, vya miligramu 1000. Namba zikapanda na kukaa huko juu, kidole kikiwa kinasema mambo ya kawaida kabisa. Nikaisoma karatasi ya maelezo kwenye boksi, ile ambayo hakuna binadamu huisoma akiwa mzima. Imeandikwa humo kuwa kwa aina yangu ya kihisi, zaidi ya miligramu 500 za vitamini C kwa siku zinaweza kuongeza namba isivyo kweli. Nikampelekea Mjomba karatasi, nimepiga mstari. Akavaa miwani, akasoma neno kwa neno, akanirudishia. "Na maandazi, mjomba? Nayo hayamo humu?"

Hata kidole, ambacho ndicho hakimu wetu, kinaweza kuhongwa. Siku moja kihisi kilisoma 7.6, kidole kikasoma 19.4. Mke wangu akanishika mkono, akaunusa. "Embe."

"Nimewamenyea wageni," nikamwambia, na wageni walikuwepo, wanakula.

Tone la damu ni dogo; maji ya embe kidogo tu kwenye ngozi yanatosha kulipandisha hadi kwenye namba za kutisha. Ukichoma insulini kwa kuifuata namba ile, utashuka kwelikweli. Nikanawa kwa maji na sabuni, nikakausha, nikatoboa kidole kingine: 7.9. Nilidhani kesi imefutwa. "Kwa hiyo," akasema mke wangu, "umemenya embe zote zile bila kuonja?" Nilimjibu kwamba swali hilo liko nje ya utaalamu wa mashine.

Kuna makosa mengine ambayo hayanifanyi mgonjwa wala mwizi, ila marehemu. Kihisi huzungumza na simu kwa umbali wa mita sita hivi, na kuta za matofali hupunguza hata hizo. Nikienda bafuni na simu ikabaki sebuleni, programu hutangaza kwamba ishara imepotea. Binti wa Morogoro hupiga hapo hapo: "Baba, uko hai?" Simu ikiita sebuleni nami nina sabuni machoni, siwezi kujibu, na kutojibu kwangu anakuchukulia kuwa ndilo jibu.

Na joto la Dar es Salaam nalo lina hisa zake. Gundi ya kihisi inataka ngozi iliyosafishwa kwa spiriti na kukauka. Haitaki jasho, na zaidi ya yote haitaki mafuta. Mama mkwe, kwa huruma, aliukanda mkono wangu kwa mafuta ya nazi, akazungusha vizuri pembeni ya kihisi ili "kisikuume, baba." Kesho yake, nikishuka Rangi Tatu, nilijipenyeza kati ya konda na mlango wa daladala. Mimi nikashuka, kihisi kikaendelea na safari.

Vihisi hivi hukaa siku 14, na chetu kilikuwa bado kichanga. Shemeji akajitolea kuwapigia watu wa huduma kwa wateja, maana namba iliyo kwenye boksi ni ya huko aliko. Wakamuuliza namba ya kihisi. Iko kwenye boksi, na boksi mwanetu wa mwisho alishaligeuza gari, limewekewa magurudumu ya vizibo na namba imekatwa kuwa dirisha la dereva. Tukaipata ndani ya programu. Wakauliza kama mtumiaji aliogelea. Hapana. Kama aligonga mkono kwenye mlango. "Naam," akasema Shemeji, "lakini mlangoni kulikuwa na mtu." Wakauliza mtu huyo alikuwa anafanya nini mlangoni gari likitembea. Alihangaika sana kuwaeleza kazi ya konda, akaambiwa mwishowe kwamba watampa kingine kwa mara hii moja. Sasa boksi linafungiwa kabatini mpaka kihisi kimalize siku zake, na mama mkwe ananikanda mguu.

Kilichobadilisha mahakama yetu ni sikukuu ya Idi. Watu wakiwa wamejaa sebuleni, nikatoa kimashine kuhakiki kihisi kipya, kwa kuwa siku ya kwanza ngozi huwa bado imejeruhiwa na namba zinarukaruka. Mwenye kisukari yeyote anajua kinachofuata: "Na mimi nipime." Nikawapima, kila mtu na kisindano chake kipya, huku moyo ukiniuma kwa jinsi stripu zinavyokwisha. Mke wangu 5.8. Mama mkwe 6.1, akashukuru Mungu kwa sauti. Mjomba akanyoosha kidole kwa ukunjufu wa mtu asiye na kesi.

14.2.

Sebule ilinyamaza. Mjomba aliitazama namba, akaitazama mashine. "Hii yako ina kasoro," akasema. Nikampeleka akanawe kwa sabuni, nikabadilisha kidole: 14.0. Akasema ni pilau la watu. Akasema ni uchovu. Akasema usiku ule alilalia mkono. Nilimweleza kwamba kidole hakilaliwi, na kwamba namba ikivuka 11.1 kwa mtu asiyejijua hali yake, haihukumiwi sebuleni. Inapelekwa hospitali ikapimwe upya. Alikwenda, baada ya shangazi, mkewe, kumtishia kumsindikiza. Wakathibitisha, akapewa vidonge, ushauri wa chakula na kimashine chake mwenyewe.

Siku hizi hunipigia alfajiri, sauti ya chini, ili shangazi asisikie.

"Mjomba, inasoma kumi na sita. Hivi embe ukimenya tu, unamenyea watoto, inaweza ikapandisha?"

"Nawa mikono, mjomba. Kausha, upime tena."

Nasikia maji yanamwagika. Nasikia mlio wa kimashine. Halafu kimya kirefu.

"Kumi na tano na nusu," anasema.

"Haya, mjomba. Umekula nini?"